Fulana za Bendi na Ngano za Kutisha: Maswali Tunayoulizwa Sana

Sisi ni wapenzi wa muziki wa hapa Unguja, pamoja na wenzetu wachache wa Pemba. Baina yetu wamo wanaolala na taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanza 1905, na wamo waliomaliza masikio kwa magitaa ya Iron Maiden. Tunakusanya fulana za bendi, tunachapa za kwetu kidogo kidogo, na tukikaa barazani mazungumzo huanzia kwenye fulana yakaishia kwa mazimwi. Maswali ni yale yale, basi tumeyaandika tupumzike.

Fulana na mazimwi vinakutana wapi?

Vinakutana kifuani. Nenda kwenye nguo za mtumba pale Darajani, vuta fulana za bendi za rock, utatoa fuvu, joka, mfu anayetembea, mchawi, malkia mwenye sumu. Wote hao walikaa kwenye ngano karne nyingi kabla ya mtu kubuni gitaa la umeme. Mwenzetu mmoja alivaa fulana yenye jitu la ngozi iliyokaukia mifupani, bibi mmoja akipita na kikapu chake akasimama, akaitizama vizuri, akauliza: "Mwanangu, huyu si nunda huyu?" Hatukuwa na la kumjibu, maana nunda ni yule mnyama mla watu wa ngano zetu, na kwa kweli anafanana naye.

Kwa nini bendi za rock hupenda picha za kutisha?

Kwanza ni biashara. Fulana inatakiwa ionekane kwa mbali, ndani ya umati, tena usiku. Fuvu linaonekana, ua halionekani. Iron Maiden walipotoa sahani yao ya kwanza 1980 waliweka jaladani mchoro wa Derek Riggs, na jitu lile, jina lake Eddie, halijaondoka kwenye majalada yao tangu hapo. Wanamuziki huzeeka, hunenepa, hugombana wakaachana, lakini Eddie yupo pale pale na fulana zinauzika. Tunao wavaaji hapa mjini wanaomjua Eddie na hawawezi kutaja jina la mpiga ngoma hata kwa kudokezwa.

Pili ni mzaha, na hili ndilo wazee hawalipati. Kijana anayevaa sura ya mfu anataka kuonekana haogopi kitu. Mara nyingi anamuogopa mama yake.

Si alama zote zinatisha wazi wazi. Ule ulimi mwekundu wa Rolling Stones ulichorwa na John Pasche, aliyepewa kazi hiyo 1970 akiwa mwanafunzi wa sanaa London, akalipwa pauni 50. Mwimbaji wao Mick Jagger alimuonyesha picha ya Kali, mungu wa Kihindu anayetoa ulimi. Na Kali huyo huvaa shingoni shada la vichwa vya watu, kwa hiyo kiza kimo humo humo, kimejificha nyuma ya midomo.

Ile fulana nyeusi yenye mistari myeupe kama milima ni ya nini?

Ni ya bendi ya Kiingereza Joy Division, jalada la sahani yao ya 1979. Ile si milima. Ni mapigo ya redio ya nyota iitwayo CP 1919, nyota ya kwanza ya aina yake kugunduliwa, 1967. Bendi yenyewe iliitoa picha hiyo kwenye kitabu cha elimu ya nyota ikampa mchoraji wa jalada, Peter Saville, naye akaigeuza iwe nyeupe juu ya weusi. Tunaamini ndiyo fulana inayovaliwa zaidi na watu wasioisikiliza bendi yake.

Kweli ngano za Wazungu zilikuwa za kutisha, au mnatia chumvi?

Chumvi imo kwenye ngano zenyewe. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapa juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wao 1812, ngano 86, bila picha hata moja, ikiwa na maelezo ya kitaalamu. Hakikuwa kitabu cha kumlazia mtoto. Humo, malkia katika hadithi ya Snow White anamtuma mwindaji akamletee mapafu na ini la binti, na anapoletewa ya nguruwe mwitu anayapikisha kwa chumvi na kuyala akidhani ni ya mtoto. Adhabu yake ni kuvishwa viatu vya chuma vilivyotoka motoni, acheze harusini mpaka afe. Na katika chapa hiyo ya kwanza malkia huyo ni mama mzazi. Alifanywa mama wa kambo 1819.

Dada wa Cinderella? Mmoja anakata kidole gumba cha mguu, mwengine anakata kisigino, kiatu kiwaingie. Mwisho njiwa wanawadonoa macho, jicho moja wakiingia kanisani na la pili wakitoka. Msichana wa kofia nyekundu, katika maandishi ya Mfaransa Charles Perrault ya 1697, analiwa na mbwa mwitu na hadithi inakwisha hapo. Hakuna mwindaji, hakuna mkasi wa kupasulia tumbo. Nguva wa Hans Christian Andersen, 1837, anakatwa ulimi ili apate miguu, na kila hatua anayopiga ni kama anakanyaga visu. Mkuu anamuoa mwanamke mwengine.

Ila sisi, kwa kuwa ni watu wa muziki, tunaipenda moja kuliko zote hizo: ile ya mti uitwao mreteni. Mama wa kambo anamuua mtoto wa kiume kwa mfuniko wa kasha, anampika mchuzi, baba anakula na kuomba aongezwe. Dada mtu anaizika mifupa chini ya mti, na kutoka mtini anaruka ndege mzuri anayeimba kwamba mama amemuua na baba amemla. Sasa sikilizeni yanayofuata. Sonara anausikia wimbo huo, anatoka mbio dukani, kiatu kimoja kimemvuka, anasema: mzuri huo, rudia! Ndege anajibu kwamba harudii bure. Sonara anatoa mkufu wa dhahabu. Mshona viatu anatoa viatu vyekundu. Wasagaji wanatoa jiwe zima la kusagia, na ndilo ndege analomdondoshea yule mwanamke kichwani. Wote hao wamelipa kusikia habari ya mauaji, na hakuna hata mmoja aliyesikiliza maneno. Mwenye kupenda muziki ajitizame hapo.

Lakini zetu ni za adabu, za sungura na fisi, sivyo?

Sivyo. Umesahau tu, au bibi alikuhurumia.

Chukua ya zimwi na ngoma, ambayo watoto wengi wa pwani wamelazwa nayo. Wasichana wamekwenda pwani kuokota makombe. Mmoja anapata kombe zuri, analiweka juu ya mwamba lisipotee, kisha analisahau. Wenzake wanakataa kurudi naye. Anarudi peke yake huku anaimba kujipa moyo, anamkuta zimwi amekaa juu ya mwamba. Zimwi anamwambia: sogea mwanangu, sikukusikia vizuri, imba tena. Anasogea. Anatiwa ndani ya ngoma, ngozi inawambwa juu yake. Kuanzia hapo zimwi anazunguka vijijini: nipikieni wali na kuku, nikupigieni ngoma yenye sauti msiyopata kuisikia. Anapiga, mtoto anaimba ndani, watu wanacheza mpaka alfajiri. Wali anaumaliza zimwi, aliyemo ndani hapati hata ukoko. Mpaka siku wanapofika kijijini kwao, mama akaitambua sauti ya mwanawe. Zimwi anapewa kinywaji, analala, mtoto anatolewa, na ngoma inajazwa nyuki, nyoka na siafu.

Watu humwogopa zimwi katika hadithi hii. Sisi tunawaogopa wachezaji. Kijiji baada ya kijiji watu wazima walicheza sauti ya mtoto inayotoka ndani ya ngoma, na hakuna aliyeuliza imefikaje humo. Na mwanamuziki yeyote aliyetia saini mkataba mbaya anajua zimwi ni nani.

Halafu yupo nunda wa yule bibi wa kikapu. Hadithi hii Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu na kuzikwa katika kanisa la Mkunazini, aliikusanya hapa Zanzibar na kuichapa London 1870. Sultani Majnuni ana paka wake. Paka anakula ndama, watu wanakwenda kushitaki, sultani anasema paka ni wake na ndama ni wake. Paka anakula mbuzi, jibu ni hilo hilo. Anakula ng'ombe, punda, ngamia, anakula watoto wa watu, na jawabu halibadiliki, mpaka siku anapowala wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo sultani anapogundua kwamba huyu si paka tena, ni nunda mla watu. Mtoto wa mwisho, kitinda mimba asiyethaminiwa anayeshinda jikoni, ndiye anayekwenda kumwinda, na kila mnyama anayemuua anamburura nyumbani akimwimbia mama yake kumuuliza kama ndiye, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Hadithi nzima inakwenda kwa kiitikio. Tungekuwa na bendi nzito ya magitaa hapa Unguja, sahani ya kwanza ingekuwa hiyo, na wala isingehitaji kubadilishwa kitu.

Kwa ukatili wa kimya kimya hakuna inayoishinda ya Sultani Darai, nayo imo kwa Steere. Maskini anayechakura jaani anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anamfanyia kila kitu: anampa jina la kisultani, anamuoza binti wa mfalme, anaua nyoka wa vichwa saba ampatie nyumba. Siku paa anaugua, bwana wake anaamuru apikiwe uji wa mtama mbovu. Paa anakufa kwa uchungu kuliko maradhi, na bwana anamtupa kisimani. Yule paa hakuchomwa moto wala kukatwa kichwa. Alipewa uji tu. Watoto wetu wengi hulia hapo kuliko kwenye damu yoyote.

Freddie Mercury alizitoa hadithi zake Zanzibar?

Swali la watalii, lakini wenyeji nao siku hizi wanaliuliza. Yaliyo wazi ni haya: mwimbaji huyo wa bendi ya Queen alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Alipelekwa India kusoma skuli ya bweni akiwa mdogo, na familia ilihamia Uingereza 1964. Shangani ipo makumbusho yake tangu 2019.

Na kweli alikuwa mtu wa majini na majitu. Sahani ya pili ya Queen, 1974, haina upande wa kwanza na wa pili. Ina Upande Mweupe na Upande Mweusi, na nyimbo zote za Upande Mweusi ni zake. Humo mna vita vya majitu, mna malkia mweusi, mna wimbo unaoelezea mchoro wa Richard Dadd uliojaa viumbe vidogo vya kichawi. Dadd huyo alimuua baba yake 1843 na alichora kazi hiyo akiwa amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ngano na maisha vimegongana hapo pabaya.

Lakini kusema kwamba yaya wa Kiunguja alimsimulia habari za zimwi ndipo akaimba, huko ni kuuza fulana. Akiwa na ngano za Kiparsi, za Kihindi na vitabu vya Kiingereza vya skuli, hakukosa pa kuchota.

Kama una fulana ya Queen yenye nembo, itizame vizuri. Aliichora Freddie mwenyewe, aliyesomea uchoraji London. Simba wawili na kaa ni nyota za kuzaliwa za wenzake watatu. Wale wasichana wawili wenye mbawa ni nyota yake yeye, Mashuke.

Mimi ni wa Chake. Mbona mnazungumza Unguja tu?

Umesema kweli. Pemba ina kitu ambacho bendi yoyote ya Ulaya ingekinunua: magofu ya Pujini, si mbali na Chake Chake, ngome ya Mkame Ndume. Masimulizi yanasema alikuwa mtawala mkatili hata watu aliowajengesha ngome walibeba mawe huku wakijikokota kwa makalio. Pale pana kisima, na inasimuliwa kwamba alikitia ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane wakija kuteka maji. Mwenzetu wa Wete anashikilia kwamba ukuta ule ndio wimbo, mawe ni mapambo tu. Tumemruhusu achore fulana, bado anachora.

Na popobawa je? Angekaa vizuri kwenye fulana.

Hatumchapi. Nunda na zimwi ni wa ngano, msimuliaji na msikilizaji wote wanajua. Mwaka 1995 watu wa Unguja na Pemba walilala nje kwa hofu ya popobawa, jini aliyesemekana kuvamia watu usiku majumbani, na hofu ile ilikuwa ya kweli kwa jirani zetu, wengine bado hai. Watalii wanatuomba kila msimu. Jibu ni hilo.

Nikivaa fulana ya bendi nisiyoijua, kuna ubaya?

Hakuna polisi wa fulana, ingawa baadhi yetu wamejipa cheo hicho. Mmoja wao akikuuliza nyimbo tatu, mwambie akutajie yeye wapiga fidla watatu wa Culture Musical Club, klabu ya taarabu ya hapa.

Ila ushauri wetu ni ule wa khanga. Mwanamke wa hapa hanunui khanga kwa pindo na mji peke yake, anasoma jina kwanza, kwa sababu anajua atakapopita nayo mtaani maneno yale yatahesabiwa kuwa yake. Kuna jirani zitamchoma, kuna mke mwenza atajibu. Fulana nayo inasema. Kijana mmoja alipita Forodhani na fulana yenye matusi ya Kiingereza mgongoni mbele ya shangazi yake mwalimu wa lugha hiyo hiyo. Hakuna aliyemuokoa.

Nitajuaje fulana ya mtumba ni ya zamani kweli?

Anza chini, kwenye upindo wa mikono na wa kiuno. Fulana nyingi za mpaka katikati ya miaka ya 1990 zilishonwa mshono mmoja. Za baadaye zina mishono miwili sambamba. Tizama lebo ya shingoni: jina la kiwanda, nchi iliyoshonewa, na mchanganyiko wa nyuzi. Soma maandishi madogo chini ya picha, yana mwaka wa hakimiliki, lakini mwaka huo ni wa mchoro, si lazima uwe wa fulana. Picha ya 1980 inachapwa mpaka leo.

Fulana za ziara ndizo rahisi kukamata: nyuma zina orodha ya miji na tarehe. Bendi ikiwa imeandikwa kupiga miji miwili iliyo mbali usiku mmoja, irudishe ilikotoka. Wino wa zamani hupasuka polepole kama udongo wa kiangazi. Uliopasuliwa kiwandani nyufa zake zote zinafanana.

Ukiwahi robota linapofunguliwa, usionyeshe furaha. Muuzaji akiona macho yako yamewaka, bei imepanda. Na usidharau za kwetu: fulana za Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004 na hupigwa Ngome Kongwe, zile za miaka ya mwanzo wenyewe hawaziachii.

Naifua vipi?

Igeuze ndani nje, maji baridi, anika kivulini. Pasi isiguse picha. Maji ya kisima yenye chumvi yanaifubaza.

Mama hataki nivae fuvu nyumbani. Na msikitini?

Msikitini vaa kanzu, au fulana isiyo na sura. Hata bila kuingia kwenye fatwa, aliye safu ya nyuma yako hana haja ya kumtizama Eddie akirukuu. Mwenye swali la kidini amuulize sheikh wake, si sisi.

Kwa mama, usibishane. Msubiri amalize kazi, kisha muombe akusimulie ngano aliyosimuliwa na bibi yake. Ikifika kwenye kuchinjwa na kuliwa, nyamaza, na kesho yake uivae tena fulana. Kwa baadhi yetu imefaulu; mmoja alichapwa khanga ya mgongo.

Watoto wasimuliwe hizi hizi, au tuzipunguze makali?

Wasimuliwe, kwa umri wao. Paukwa, pakawa, kisha endelea. Tunachokipinga ni kubadili mwisho zimwi na mtoto wakawa marafiki, kama katuni zinavyofanya. Mtoto anayeogopa anataka kuhakikishiwa kwamba ngoma imejazwa nyuki. Punguza damu ukitaka, lakini wimbo usiukate. Wengi wetu tumesahau visa nusu na nyimbo zake tunazo zote.

Wapenzi wa taarabu mbona hawana fulana za bendi?

Wana sare. Kina mama wakikubaliana kitambaa kimoja, wakaingia ukumbini wote rangi moja, wakainuka kwenda kutuza wimbo wakiwa na noti mkononi, fulana gani itashindana? Na anayetuza mara nyingi anamtuza mwimbaji kwa ajili ya mtu aliyekaa meza ya pili, ambaye wimbo unamhusu na yeye anajua. Yule sonara wa ndege wa mreteni alilipa bila kusikia maneno. Ukumbi wa taarabu hauna mtu wa aina hiyo. Fulana zipo za Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu aliyefariki 2013, na huvaliwa zaidi na wageni.

Naweza kuleta ngano ya bibi yangu mkaichapa kwenye fulana?

Ilete. Masharti mawili: uje na wimbo wake kama unao, na usiisafishe njiani. Mchoro mmoja, rangi zisizidi mbili, maana kila rangi ina skrini yake na skrini ni ghali. Jina la bibi hatuliandiki mpaka akubali mwenyewe. Tunakaa baada ya isha, isipokuwa usiku wa mpira. Kahawa unajinunulia.